Kubadili Gari kwa Kuongeza Fedha: Bei ya Gari la Zamani Hujengwa kwa Kutoa

Anayepeleka gari lake la zamani kwa muuzaji ili aondoke na jingine kwa kuongeza fedha huwa na bei moja kichwani: ile aliyoiona kwenye matangazo ya magari yanayofanana na lake. Muuzaji naye, ambaye kwa gari lako la zamani ndiye mnunuzi, anaijua bei hiyohiyo, ila kwake ni pa kuanzia kutoa. Ugomvi mwingi wa mezani unatoka hapo. Ukijua kinatolewa nini, kwa mfuatano gani na kwa sababu gani, utajua kipi unaweza kukizuia na kipi si cha kupotezea pumzi.

Tuchukue bei ambayo gari lako lingeuzwa likiwa limetengenezwa, limeoshwa na kusimama yadini kuwa ni 100. Muuzaji anatoa kwanza gharama ya kulifikisha kwenye hali hiyo: tairi, breki, rangi ya bampa, kusafisha viti, sevisi. Tuseme 7. Anatoa gharama ya gari kukaa, maana fedha yake imelala, bima ya yadi inaendelea, betri inakufa kwa kusimama na bei ya soko inashuka kila mwezi. Tuseme 3. Anatoa 4 kwa sababu mteja atakayekuja kulinunua naye ataomba apunguziwe. Anaweka akiba ya 3 endapo gia boksi itakataa wiki ya pili baada ya kuuza na mteja akarudi na hasira. Mwisho anatoa faida yake, tuseme 10. Inabaki 73.

Namba hizo ni za mfano tu, lakini mfuatano ndio huo. Anayekupa 73 kwa hesabu hiyo hajakudhulumu. Anayekupa 60 huenda anajaribu bahati yake, huenda ameona kitu ambacho hukukiona, au ameogopa kitu alichoshindwa kukiona. Hili la mwisho ndilo linalokula fedha za watu kimyakimya, na ndilo lililo mikononi mwako kuliko yote.

Mkaguzi wa magari hana siku nzima. Mara nyingi ana nusu saa, wakati mwingine hata hiyo haifiki. Kila swali linalokosa jibu, hulijibu mwenyewe kwa jibu baya kuliko yote. Haijulikani mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? Basi haujabadilishwa, na anahesabu mkanda, rola zake na pampu ya maji kwa pamoja. Ufunguo uko mmoja? Anahesabu wa pili kwa bei ya wakala, pamoja na kuuprogramu. Kile kichwa maalumu cha kufungulia nati za usalama za rimu hakionekani? Hawezi kutoa tairi kuangalia breki, kwa hiyo breki nazo zinaingia kwenye orodha ya vibovu, na juu yake gharama ya kuzing'oa hizo nati kwa nguvu. Kitu kidogo kilichosahaulika stoo kinaikata bei sehemu mbili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni karatasi. Panga risiti za sevisi kwa tarehe, kila moja ikionyesha kilomita na kilichofanyika. Zenye uzito ni za mkanda wa taimingi (kwa injini zenye mkanda, zenye cheni hesabu yake ni nyingine), oili ya gia boksi, maji ya rejeta, breki, tairi, shokapu na betri. Mbali na kuthibitisha matengenezo, mfululizo huo unathibitisha kwamba kilomita za dashibodi hazijarudishwa nyuma. Zipitie mwenyewe kabla hajazipitia mwingine: karani aliyeandika 88,000 pale ilipopaswa kuwa 98,000 anaweza kukufanya uonekane tapeli, na gereji iliyotoa risiti inaweza kuirekebisha kwenye kumbukumbu zake ukiomba mapema. Ongeza kitabu cha gari, funguo zote, jeki, tairi ya akiba, na waya wa kuchajia kama gari ni la umeme. Kisha angalia kwa namba ya chesisi kama mtengenezaji ameita magari ya aina yako yarudishwe kwa marekebisho ya usalama. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa bure na wakala wake, lakini ikiachwa wazi inampa mkaguzi sababu ya kusitasita.

Kabla ya kusogea mezani, tafuta sakafu ya bei. Matangazo hukupa bei inayoombwa, si inayolipwa. Chagua magari ya mwaka uleule, injini ileile, gia za aina ileile na kilomita zinazokaribiana, tupa lililo juu kupita kiasi na lililo chini kupita kiasi, kisha fuatilia kwa wiki mbili au tatu. Yanayotoweka haraka yanakuambia bei ya kweli. Yanayokaa yanakuambia ndoto za wenyewe. Halafu, na hapa usikwepe, peleka gari kwa wanunuzi wawili au watatu wanaonunua kwa fedha taslimu bila kukuuzia chochote. Nenda ndani ya wiki moja, gari likiwa katika hali ileile, na uwaambie ukweli uleule. Ofa ya juu miongoni mwao ndiyo sakafu yako. Muuzaji wa gari jipya akishuka chini ya hapo bila kukufidia kwenye gari analokuuzia, uza kule, njoo na fedha.

Ofa ya kwenye tovuti nayo inasaidia, ilimradi ujue imejengwa juu ya majibu yako. Ukijibu kwamba gari halijagongwa ilhali limegongwa, ulichopata ni namba ya kukufurahisha mpaka siku ya ukaguzi.

Ajali isemwe. Tukikaa upande wa kununua, gari lililogongwa na kutengenezwa vizuri, lenye picha za kabla na baada na risiti za spea, hukatwa kiasi kinachojulikana. Lililofichwa likagundulika hukatwa bila kipimo, kwa sababu kuanzia hapo hakuna neno jingine la mwenye gari linaloaminika, hata la oili aliyobadilisha juzi. Na kugundua si kugumu. Kipima unene wa rangi huwekwa juu ya bati na kusoma papo hapo. Rangi ya kiwandani kwa kawaida iko kati ya mikroni (sehemu za elfu za milimita) 80 na 150, au zaidi kidogo kwa baadhi ya watengenezaji. Ikisoma 250 au 300, paneli imepigwa rangi tena. Ikivuka 500 na kuelekea elfu, chini yake kuna puti. Asiye na kipima hutumia sumaku, ingawa sumaku haishiki boneti ya alumini wala bampa ya plastiki, na wapo waliokwisha kulituhumu gari safi kwa kutojua hilo. Ukikutana na wa namna hiyo, mwambie kwa upole boneti ni ya nini.

Vipimo vingine havihitaji kifaa. Kichwa cha bolti ya boneti au fenda kilichopasuka rangi kinasema paneli ilishafunguliwa. Taa moja ya mbele ikiwa nyeupe na mwenzake ana manjano, kuna upande uliobadilishwa. Kioo cha mlango chenye alama ya mwaka tofauti na wenzake kinaulizwa. Zulia la buti linainuliwa ili sakafu iliyo chini ya tairi ya akiba ionekane kama ina mikunjo au kulehemu kusiko kwa kiwandani. Mkanda wa kiti unavutwa hadi mwisho, kwa kuwa gari lililozama kwenye maji ya mafuriko huacha mstari wa tope sehemu ambayo hakuna aliyekumbuka kuisafisha. Zunguka gari lako na ufanye haya yote kabla ya kwenda. Kama ulilinunua likiwa limetumika, unaweza kukuta historia ambayo hata wewe hukuambiwa, na ni afadhali uikute uani kwako kuliko mbele ya mtu mwenye kalamu.

Tairi zinastahili aya yake. Mpya huwa na kina cha milimita 8 hivi, na nchi nyingi zimeweka 1.6 kuwa mwisho wa kisheria, lakini mkaguzi hangoji ifike hapo. Ikiwa karibu na 3 ameshaiandika kuwa ya kubadilishwa. Anasoma pia tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi yenye kina kizuri lakini ya miaka minane inahesabiwa kuwa imekwisha. Kubwa zaidi ni namna ilivyolika. Ikilika kingo zote mbili, imeendeshwa na upepo mdogo. Ikilika katikati, upepo ulizidi. Hayo ni ya tairi tu. Ikilika upande wa ndani peke yake, mkaguzi haoni tairi tena, anaona bushi, bolijointi na alaimenti (mkao wa magurudumu). Ikiwa na mabonde ya hapa na pale, anaona shokapu. Gharama aliyoiandika imepanda mara mbili au tatu, nawe umesimama unafikiri mnazungumzia mpira. Dawa ni kurekebisha alaimenti mapema na kubeba karatasi ya vipimo vyake, ili ionekane kwamba ulikaji huo ni wa zamani na chanzo chake kimeshaondolewa.

Kununua tairi nne mpya za bei ghali kwa ajili ya kwenda kubadili gari si busara. Utarudishiwa sehemu tu ya ulichotoa. Zenye thamani ya kubadilishwa ni zilizo chini ya kiwango cha sheria au zisizofanana kwenye ekseli moja. Gari linaloendesha magurudumu manne muda wote lina sharti lake: tairi zinazotofautiana sana kina huzunguka kwa kasi tofauti na kuichosha difu ya katikati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mkaguzi anayejua magari hayo akikuta mbili mpya na mbili zilizokwisha, ataogopa kitu cha ghali zaidi ya tairi.

Injini huwashwa ikiwa baridi. Usije nayo imechemka, au ukija hivyo usishangae ukiambiwa usubiri. Moshi wa buluu unamaanisha oili inaungua. Mweusi ni mafuta kuzidi. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Mvuke mweupe wa dakika za kwanza asubuhi ya baridi ni kawaida. Povu la rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili linaweza kuwa gasketi ya silinda hedi iliyoharibika na kuruhusu maji kuchanganyika na oili, au unyevunyevu tu wa gari linalotembea safari fupifupi. Mkaguzi hatabaki akichunguza ni lipi, atakata. Gari la safari fupi lipe safari ndefu, ubadilishe oili, ufute kifuniko, uangalie tena baada ya wiki. Povu likirudi, ni tatizo la kweli na linahitaji fundi.

Gia ya otomatiki hupimwa kwa kuhamisha kutoka kurudi nyuma kwenda mbele huku breki imekanyagwa. Ikichelewa kushika au ikigonga, oili ya gia inaulizwa na risiti yake inatafutwa. Betri husoma volti 12.6 hivi ikiwa imejaa na gari limezimwa, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka, chaji kwa kawaida huwa kati ya 13.7 na 14.7. Betri dhaifu ni kitu cha bei ndogo, ila stata inapovuta kwa taabu mbele ya mnunuzi, anachosikia ni injini yote.

Sasa mashine ya kusoma hitilafu. Wapo wanaofuta taa ya injini asubuhi ya ukaguzi, au wanaochomoa waya wa betri ili taa izimike. Hilo halifichi kitu. Kompyuta ya gari huwa na orodha ya vipimo vya ndani ambavyo, ukifuta hitilafu, vingi hurudi kuwa "havijakamilika" mpaka gari liendeshwe vya kutosha, mjini na barabara ya kasi, kwa siku kadhaa. Mkaguzi anayechomeka kifaa chake kwenye soketi ya OBD (tundu la kusomea kompyuta ya gari) na kukuta vipimo havijakamilika anajua kuna kilichofutwa jana. Hata aliyetengeneza hitilafu kwa haki anaingia mtegoni hapa. Tengeneza, futa, endesha wiki nzima, kisha nenda. Vilevile kama umebadilisha betri.

Kipi kitengenezwe na kipi kiachwe? Kanuni ni kwamba mkaguzi hukata gharama ya matengenezo pamoja na woga wake. Chenye gharama ndogo na woga mkubwa kinalipa kutengenezwa. Taa yoyote ya onyo kwenye dashibodi iko juu ya orodha, kwa sababu kisoma-oksijeni (kihisi cha moshi kwenye eksozi) kilichokufa na injini iliyokufa vinawasha taa ileile. Balbu, wipa, plagi, kifuniko cha tangi, swichi ya dirisha isiyoitika, kiyoyozi kilichopungua gesi, vyote vifanyie kazi. Taa za mbele zenye ukungu hung'arishwa kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu krimu ya kung'arishia, na mwisho tabaka la kukinga mionzi ya jua. Ukiruka hili la mwisho manjano yatarudi baada ya miezi michache, lakini litakuwa tatizo la mwingine, na wanunuzi wazoefu wanaijua taa ya namna hiyo kwa kuigusa. Tundu dogo la jiwe kwenye kioo cha mbele huzibwa kwa gundi maalumu kabla halijawa ufa. Ufa mrefu ni kioo kizima, na magari yenye kamera nyuma ya kioo huhitaji kamera ipimwe upya kioo kikibadilishwa, jambo linaloongeza gharama kuliko wengi wanavyotarajia.

Vibonyeo vidogo visivyokwaruza rangi mpe fundi wa kuvisukuma kwa nyuma bila kupiga rangi. Rangi ya kiwandani inabaki na kipima hakisemi kitu. Kupiga rangi paneli nzima kwa sababu ya mikwaruzo ni kosa ghali: ulikuwa na mkwaruzo ambao kila mtu anauona ulivyo, sasa una paneli ya mikroni 280 na hadithi ya kueleza. Injini usiioshe kwa maji ya presha siku moja kabla; inaonekana umefuta uvujaji, tena maji yakiingia kwenye soketi za waya unaweza kufika na injini isiyowaka sawasawa. Manukato nayo ni hivyohivyo. Harufu ya sigara au ya ukungu inaondolewa kwa kubadilisha filta ya hewa ya ndani, kuosha viti na mazulia na kuyakausha kabisa. Manukato makali humfanya mkaguzi anuse zaidi. Rimu za gharama, redio kubwa na eksozi ya kelele, virudishe kwenye vya asili kama bado unavyo, uviuze pembeni. Kwa mnunuzi wa yadi havipandishi bei, na mara nyingi vinaishusha.

Magari ya haibridi na ya umeme yana swali moja linalomeza mengine: afya ya betri kubwa. Ripoti ya wakala inayoonyesha asilimia ya uwezo uliobaki ina thamani kuliko maelezo yoyote. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, kwa kigezo cha uwezo kutoshuka chini ya asilimia 70 kwa magari ya umeme. Soma kitabu chako cha dhamana, uje na ukurasa huo. Kwenye haibridi, safisha filta ya feni ya kupozea betri, ambayo mara nyingi hukaa karibu na kiti cha nyuma. Ikiziba vumbi betri huchemka, na feni hupiga kelele ambayo mkaguzi ataisikia.

Muda nao unakata au kuongeza. Wanunuzi huchuja magari kwa namba kamili kama 100,000, hivyo gari la kilomita 98,000 na la 101,000 ni magari mawili tofauti sokoni ingawa kwa fundi ni lilelile. Nenda kabla dhamana ya mtengenezaji haijaisha, kabla sevisi kubwa haijafika, kabla toleo jipya la gari lako halijatangazwa, na kabla mwaka haujageuka, maana Januari gari linazeeka kwa usiku mmoja. Wauzaji wanaofanya kazi kwa malengo ya mwezi au robo mwaka hulegea siku za mwisho. Na chagua yadi inayouza magari ya aina yako. Anayeuza magari madogo ya mjini ukimpelekea pikapu, hataiweka yadini; ataipeleka mnadani au kwa dalali, kwa hiyo anakupa bei ya mnadani kasoro faida yake. Hilo peke yake linaweza kueleza ofa ya chini isiyo na maelezo mengine.

Mezani kuna namba tatu: bei ya gari unalochukua, bei ya gari unaloacha, na masharti ya mkopo. Muuzaji mjanja huzichanganya, na swali lake la kuchanganyia ni hili: "Ungependa kulipa kiasi gani kwa mwezi?" Ukilijibu umempa kitasa cha kuzungusha. Bei ya gari lako la zamani itapanda mbele ya macho yako, na muda wa mkopo utarefuka mahali usipopaangalia. Mjibu kwamba mtaongea habari ya mwezi mkimaliza bei. Dai karatasi yenye namba mbili za kwanza zikiwa zimetenganishwa, pamoja na ada zote za nyaraka, usajili na vikorombwezo.

Kisha linganisha nyongeza, yaani fedha unayotoa mfukoni baada ya yote. Muuzaji wa kwanza anathamini gari lako 80 na kukuuzia jipya kwa 300: unaongeza 220. Wa pili anakupa 72 tu, lakini gari lilelile analiuza 285: unaongeza 213. Watu huenda kwa wa kwanza kwa sababu ameliheshimu gari lao, na heshima hiyo wanailipia 7.

Ukipewa ofa ya chini, usijibu kwa sifa. Uliza: "Mmetoa nini na nini?" Mwenye hesabu atakutajia, na kila kimoja kina karatasi yake ya kukijibu. Ametoa tairi nne, nawe una risiti ya mbili za mbele na kipimo cha milimita 6: nusu irudi. Ametoa mkanda wa taimingi, nawe una risiti yake: irudi yote. Faida yake iache. Kubishana juu ya faida ya mtu ni kupoteza muda, na ukimbana hapo atajirudishia kupitia ada za nyaraka. Vitu vikishajibiwa, weka ofa ya fedha taslimu mezani na useme namba ambayo ukiipata unasaini leo. Wengine hushauri uifiche habari ya gari la zamani mpaka mwisho. Sioni faida kubwa. Muuzaji atasema bei ya mwanzo ilikuwa ya mteja asiye na gari la kubadilisha, na mtaanza upya mkiwa mmeshatiliana shaka. Sema tu kwamba gari lipo na kwamba una mahali pengine pa kuliuza, maana ni kweli.

Kama gari lina deni, chukua benki barua ya salio la kulimaliza, yenye tarehe ya mwisho wa kutumika. Riba huongezeka kila siku, hivyo salio la mwezi uliopita si la leo. Uliza pia kama kuna tozo ya kulipa mapema. Deni likizidi thamani, muuzaji atakuambia "tutalibeba". Analibeba kwenye mkopo wako mpya. Gari la 73 lenye deni la 85 linaacha 12, na hiyo 12 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayohesabiwa kwa salio, miaka minne, inakuwa karibu 16 ukimaliza kulipa. Zaidi ya hapo, gari jipya linaanza maisha likiwa linadaiwa kuliko linavyouzika, na ukitaka kulibadili kabla ya wakati utarudi palepale. Ukiweza kulipa 12 hiyo taslimu, ilipe. Ukishindwa, kukaa na gari la zamani mwaka mmoja zaidi mara nyingi ni nafuu. Na mpaka ushike barua ya benki kwamba deni limefungwa, endelea kulipa rejesho. Muuzaji akichelewesha malipo, jina linaloharibika ni lako.

Kuuza mwenyewe moja kwa moja kwa kawaida kutakupa zaidi ya 73, na pengo hilo ndilo bei ya muda wako, simu za usiku na wageni wanaotaka kuendesha gari lako. Kuna nchi na majimbo ambako kodi ya gari jipya hutozwa kwenye tofauti tu baada ya gari la zamani kutolewa. Kodi ikiwa asilimia 10, gari la 73 linakuokolea 7.3 nyingine, hivyo anayenunua moja kwa moja lazima akupe zaidi ya 80.3 ndipo ukimbilie kwake. Uliza sheria ya mahali ulipo kabla ya kupiga hesabu.

Bei ikikubaliwa, bado haijawa yako. Ofa nyingi hudumu siku chache, na gari jipya linaweza kuchelewa kufika. Andikeni kwamba bei inabaki mpaka tarehe fulani au kilomita fulani, na ni nini kitakachoibadilisha. Piga picha pande zote nne, viti, tairi na kilomita siku ya ukaguzi; mkwaruzo "mpya" unaoonekana siku ya makabidhiano hubishaniwa kwa picha, si kwa kumbukumbu. Usisaini fomu ya kuhamisha umiliki iliyo wazi. Iwe na jina la anayepokea, tarehe na saa, nawe ubaki na nakala, kwa sababu faini ya kasi ya jioni ile itatafuta jina lililo kwenye usajili. Bima isitishwe baada ya umiliki kuhama, si kabla. Futa simu zilizounganishwa, anwani ya nyumbani kwenye ramani na msimbo wa lango, toa kifaa cha kulipia barabara, kisha ingia kwenye programu ya gari iliyo kwenye simu yako na uliondoe gari hilo kwenye akaunti. Kwa magari mengi mwenye akaunti ndiye anayepaswa kuliondoa, na hilo lisipofanyika mmiliki mpya ataendesha gari ambalo wewe bado unaona lilipoegeshwa na pengine unaweza kulifungua milango.